Meno ya bandia ya kuvua na kuvaa: toka siku ya kung'oa hadi uyazoee

"Nimeng'oa jana, nije kesho kupimwa?" "Nilale nayo?" "Yananichoma hapa pembeni, niyasugue kidogo kwa msasa?" Maswali haya nayasikia kila wiki. Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya meno hapa Arusha. Kinywani mwako anaingia daktari. Mimi ndiye ninayepokea kipimo chako, yaani chapa ya kinywa chako, kikiwa kimefungwa kwa kitambaa chenye maji, namwaga plasta, napanga meno kwenye nta, na miezi kadhaa baadaye ndiye ninayeletewa yaliyovunjika. Mengi ya hayo hayakuharibikia kliniki. Yameharibikia nyumbani, tena katika mwezi wa kwanza, kwa haraka au kwa kutojua. Nimeandika haya kwa ajili yako unayeanza, au unayemhudumia mzazi anayeanza.

Nazungumzia meno ya kuvua na kuvaa kwa sababu ndiyo wengi huanza nayo. Njia nyingine ni mbili. Ya kwanza ni daraja, ambapo meno jirani huchongwa na jino la bandia likagandishwa juu yake lisitoke. Ya pili ni kipandikizi, yaani skrubu ya titani inayopandwa ndani ya mfupa wa taya na mara nyingi kusubiriwa miezi 3 hadi 6 mfupa uishike vizuri. Zote ni nzuri, ila gharama yake iko juu, na kipandikizi hakipatani na sigara wala sukari isiyodhibitiwa. Kama unafaa au hufai, daktari atakuambia baada ya kuona picha ya eksirei.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Daktari wa meno aliyesajiliwa. Kwa Tanzania usajili uko Baraza la Madaktari Tanganyika, na una haki ya kuuliza. Mtu anayekubandikia jino palepale kwa akriliki (plastiki ngumu) ya kuganda haraka, bila kipimo wala eksirei, anakufungia uchafu usioweza kuufikia kwa mswaki. Baada ya muda meno mazima ya jirani huoza nayo yakang'olewa.
- Orodha ya magonjwa na dawa zako: sukari, presha, dawa za kuzuia damu kuganda, dawa za kuimarisha mifupa. Itaje kabla ya kung'olewa jino, hata kama hujaulizwa.
- Muda. Hesabu safari 4 au 5 za kliniki, na nyingine 2 au 3 za marekebisho. Anayekuja Ijumaa kwa sababu harusi ni Jumamosi, hapo tunamhudumia vibaya sote.
- Picha yako ya zamani inayoonyesha meno yako. Hii inanisaidia mimi fundi kuliko maelezo ya nusu saa.
- Miswaki miwili laini, mmoja wa meno yako na mwingine wa bandia. Sabuni ya kawaida, kikombe chenye mfuniko, taulo ndogo, na kioo.
- Jibu la swali hili: je, bei niliyotajiwa inajumuisha marekebisho? Liulize mwanzoni. Wengi huacha kurudi kwa kuogopa kulipishwa tena, kumbe marekebisho yalishahesabiwa.

Hatua ya 1: Tibu kwanza meno yaliyobaki

Meno ya bandia ya sehemu, yaani yanayojaza mapengo tu, hushikiliwa na meno yako mwenyewe. Yakiwa yameoza au fizi zinatoka damu, utakuwa umejenga kwenye tope. Yazibwe yanayozibika, mabaki ya mizizi yatolewe, na ukoga uliogandamana usafishwe kliniki. Usikubali kung'olewa meno yote "ili kazi iwe rahisi" kama machache bado ni imara. Hata chonge mbili tu za taya la chini zinabadilisha kabisa namna meno ya bandia yatakavyotulia.

Hatua ya 2: Subiri ufizi upone

Kwa kawaida ni wiki 6 hadi 12 baada ya kung'oa. Ufizi huonekana umefunga mapema, lakini chini yake mfupa bado unapungua na kujipanga. Ukipimwa wiki ya pili, pleti (kile kibao kinachobeba meno ya bandia) itakayotoka itakaa vizuri siku ile, na baada ya miezi miwili itacheza kama kiatu cha kaka yako mkubwa.

Kama kazi yako ni ya kusimama mbele za watu, iwe mwalimu, mhubiri au muuzaji, mwambie daktari. Yapo meno yanayotengenezwa kabla ya kung'oa na kuvaliwa siku hiyohiyo. Jua tu kwamba yatahitaji kujazwa upande wa ndani kadiri ufizi unavyopungua.

Hatua ya 3: Chagua aina

Akriliki ndiyo ya kawaida, ile pleti ya rangi ya fizi. Inakarabatika, na jino lako lingine likidondoka, la bandia linaongezwa kwenye pleti ileile. Ubaya wake ni kwamba ni nene kidogo na huvunjika ikianguka. Pleti ya chuma, yaani kobalti na kromiamu, ni nyembamba, imara na hukaa miaka mingi, ila bei yake ni kubwa zaidi. Ya nailoni, inayopindika, watu wanaipenda kwa sababu haina waya zinazoonekana. Mimi kwa mtu ambaye meno yake yaliyobaki hayana uhakika humshauri akriliki, kwa sababu nailoni ni ngumu kuikarabati na kuiongezea jino. Ukipoteza jino lingine mwakani, huenda ukaanza upya.

Hatua ya 4: Kupimwa

Daktari ataweka kinywani sinia dogo lenye uji mzito unaoganda kwa dakika chache. Ndiyo hatua inayoogopwa zaidi, hasa na wenye kichefuchefu cha haraka. Usije umeshiba. Keti wima, inamisha kichwa mbele kidogo, pumua kwa pua, chezesha vidole vya miguu na uvihesabu. Mate yakimwagika, yaache yamwagike, ndiyo maana umefungwa kitambaa kifuani. Usisogeze ulimi wala kuzungumza kabla haijaganda. Kipimo kilichotikisika hakifichiki, nami nikikiona nakirudisha na utaitwa tena.

Hatua ya 5: Kujaribu kwenye nta, na hapa usinyamaze

Kabla ya kumalizia, utauma kwenye nta tuone taya zako zinakutana wapi, halafu siku nyingine utajaribishwa meno yakiwa yamepangwa juu ya nta. Naomba usikimbie hatua hii. Wakati meno yako kwenye nta, naweza kulisogeza jino moja kwa kisu cha moto kwa dakika moja. Yakishapikwa kwenye akriliki, kilichobaki ni kusaga.

Simama mbele ya kioo karibu na dirisha, kwenye mwanga wa mchana, maana taa ya kliniki hudanganya rangi. Tabasamu, kisha hesabu kwa sauti: sita, saba, sitini na sita, sabini na saba. Halafu thelathini, fedha, dhahabu, fundi, vivuli. Kama *s* inapiga mbinja au *f* haitoki, sema. Kama mdomo wa juu umejaa kama umeweka pamba, sema. Njoo na mtu anayekufahamu, kwa sababu yeye ataona kitu ambacho mimi na daktari hatukijui: uso wako ulivyokuwa.

Kuhusu rangi, hili linatuhusu sana sisi wa mikoa ya kaskazini. Maji ya sehemu nyingi za Arusha na Meru yana madini mengi ya floraidi, kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na magadi tunayolainishia maharage na makande yana floraidi pia. Aliyekulia huku meno yake huwa na madoa ya kahawia. Mama mmoja alitaka meno manne ya mbele yawe "meupe kabisa". Nikampangia. Alipotabasamu yalisimama kama chaki nne kwenye ukuta wa udongo. Alinyamaza muda mrefu mbele ya kile kioo. Tukachagua rangi iliyokolea ngazi kadhaa, nikayachora mistari hafifu ya kahawia kufuata ya majirani zake, na dada yake aliyemsindikiza akashindwa kuonyesha yapi ni ya bandia. Chagua yanayofanana na yako. Weupe wa matangazo uache kama bado una meno mengine yanayoonekana.

Hatua ya 6: Siku ya kukabidhiwa

Usiondoke kwenye kiti kabla hujayavaa na kuyavua mwenyewe mara 4 au 5 mbele ya daktari. Ya kuvaa: yalowanishe kwa maji, yaelekeze sawasawa, yasukume kwa vidole pande zote mbili mpaka yatulie. Ya kuvua: vuta kulabu za waya kwa kucha za vidole viwili, kulia na kushoto kwa pamoja.

Angalizo: usiyaweke juu juu kisha ukayauma ili yaingie. Ndivyo waya zinavyopinda na pleti inavyopasuka katikati.

Hatua ya 7: Wiki mbili za mwanzo

Siku ya kwanza mate yatajaa mdomoni, kwa sababu kinywa kinadhani umeweka chakula. Yameze, usiteme kila dakika. Yatapungua baada ya siku chache. Ulimi utajisikia umebanwa. Soma gazeti kwa sauti dakika kumi asubuhi na kumi jioni, au msomee mtoto hadithi.

Chakula anza na laini: uji, mtori, wali uliolainika, ndizi za kupika, samaki asiye na miiba, ugali na mchuzi. Kata vipande vidogo kwa kisu na utafune pande zote mbili kwa pamoja. Ukitafunia upande mmoja kama ulivyozoea, upande wa pili unanyanyuka. Baada ya wiki mbili au tatu ongeza nyama iliyoiva vizuri. Mahindi ya kuchoma, miwa na bisi ningekushauri uviage kwa meno ya bandia ya mbele. Embe unaweza kula, lakini likate vipande kwanza. Chai na uji vionje kwa mdomo kwanza, kwa sababu pleti inayofunika kaakaa hukufanya usihisi joto hadi umeshaungua kooni.

Usitarajie nguvu ya kutafuna uliyokuwa nayo na meno yako. Mwenye pleti kamili juu na chini hafiki hata nusu yake, na hilo si kosa la daktari wala langu.

Rudi kliniki ndani ya siku chache za kwanza hata kama huumwi. Na kama unaumwa, yavae saa kadhaa kabla ya kwenda. Watu huyavua siku tatu kwa ajili ya maumivu, wanafika kidonda kimepona, daktari hana alama ya kumwonyesha pa kupunguza, anapapasa tu.

Hatua ya 8: Usiku yavue

Ufizi unahitaji kupumzika na kuoshwa na mate. Anayelala nayo kila siku hujikuta na fangasi chini ya pleti, na ya sehemu yaliyo madogo yanaweza kumezwa usingizini. Tofauti ni moja: kama umevalishwa siku ya kung'olewa, daktari anaweza kukuambia usiyavue kwa saa 24 za kwanza. Hapo fuata alivyosema yeye.

Yaweke kwenye maji ya kawaida ndani ya kikombe chenye mfuniko. Akriliki ikikauka hupoteza umbo. Mfuniko ni kwa ajili ya panya, watoto, na yule anayeamka usiku na kiu.

Hatua ya 9: Kuyasafisha

1. Jaza beseni maji au tandika taulo ndani ya sinki kabla hujayashika. Karibu nusu ya ninayoletewa yamevunjikia hapo, mikono ikiwa na sabuni.
2. Yasuuze kila baada ya kula. Mara moja kwa siku, hasa usiku, yasugue kwa mswaki wake na sabuni: nje, ndani, na kwenye kila kona ya waya.
3. Suuza vizuri kabla ya kuyavaa.

Usitumie dawa ya meno. Ina chembechembe za kukwangua, na ukitazama kwa lenzi unaona imechora mifereji ambamo uchafu na harufu hujificha. Usitumie mchanga wala majivu. Usiyachemshe na usiyamwagie maji ya moto: nimeletewa pleti iliyochemshwa na mjukuu mwenye nia njema, imejikunja kama ganda la ndizi, na hakuna namna ya kuirudisha. Dawa ya kung'arishia nguo huharibu chuma na kufifisha rangi. Vile vidonge vya kusafishia meno ya bandia ni sawa ukifuata maelezo ya pakiti, lakini ni vya kwenye kikombe. Haviingii mdomoni kamwe.

Hatua ya 10: Meno yako yaliyobaki

Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Mtu anatunza ya bandia kama yai, na meno yake yaliyoshikilia waya yanaoza moja baada ya jingine, kwa sababu chakula kinanasa pale waya inapogusa. Vua pleti kwanza, ndipo upige mswaki. Mara mbili kwa siku, dakika mbili, dawa yenye floraidi, na usugue taratibu mstari ambapo jino linakutana na ufizi. Sugua pia ufizi usio na meno, kaakaa na ulimi.

Wa huku kwetu huniuliza: floraidi si ndiyo iliyotuharibu meno? Madoa yale hutokea utotoni, jino likiwa bado linaumbika ndani ya taya. Ya mtu mzima yamekwisha kuumbika, na dawa unayoipaka na kuitema inayalinda yasioze. Mtoto mdogo mwekee kidogo kama punje ya mchele, na umsimamie ateme.

Mswaki wa mti ni mzuri ukitumika vizuri, ncha ikiwa imetafunwa ikalainika. Ila haufiki vizuri upande wa ndani wa magego ya nyuma, kwa hiyo usiuache wa plastiki moja kwa moja. Chai ya sukari unayoinywa kidogo kidogo toka asubuhi hadi jioni inaozesha zaidi kuliko kikombe kimoja unachokimaliza wakati wa chakula. Ugoro, sigara na tambuu huua fizi polepole. Nenda ukaguliwe angalau mara moja kwa mwaka, na kila miezi 6 kama una sukari.

Yakikusumbua

*Yanauma sehemu moja.* Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, kisha rudi kliniki. Usiguse pleti kwa kisu, tupa wala msasa. Pa kupunguza ni mahali padogo kuliko unavyodhani, na ukikosea pleti nzima hupoteza mkao.

*Ya chini yanacheza.* Ya juu hunatia kwenye kaakaa, ya chini hayana pa kunatia na ulimi unayasukuma. Jifunze kupumzisha ulimi ukigusa nyuma ya meno ya mbele ya chini. Yakiendelea baada ya mwezi, au yakilegea baada ya miaka miwili mitatu, ufizi umepungua na pleti inahitaji kujazwa ndani. Gundi ya meno ya bandia ya dukani ni msaada wa muda mfupi. Ukiona unahitaji kuongeza kiasi chake kila mwezi, tatizo ni mkao.

*Unajing'ata shavu au ulimi.* Wiki ya kwanza ni kawaida. Ikiendelea, upangaji unahitaji kurekebishwa.

*Kichefuchefu hakiishi.* Vaa dakika 15, pumzika, rudia, ongeza kila siku. Kama pleti imefika nyuma sana, daktari ataipunguza.

*Kaakaa jekundu, linawasha, pembe za mdomo zimepasuka.* Mara nyingi ni fangasi. Acha kulala nayo, safisha kwa uangalifu, na uandikiwe dawa. Dawa bila kusafisha pleti haitasaidia, kwa sababu fangasi wenyewe wanaishi kwenye pleti.

*Harufu, au ukoga mgumu usiotoka.* Usikwangue. Leta maabara ing'arishwe.

*Unaenda kufanyiwa upasuaji.* Waambie wahudumu una meno ya kuvua, na uyavue kabla ya kuingia chumbani.

*Kidonda au uvimbe usiopona wiki 2 baada ya kuacha kuyavaa au kuyarekebisha.* Nenda ukaonwe na daktari, bila kusubiri. Inaweza isiwe pleti, na saratani ya kinywa hutibika vizuri zaidi ikiwahiwa.

*Yamevunjika.* Acha gundi ya viatu na ile ya kubandika haraka. Mzee mmoja alifungua leso mezani kwangu, vipande viwili vimeungwa kwa gundi iliyokauka nyeupe, vimepishana upana wa uzi tu. Kwa upana huo wa uzi havikukaa tena mdomoni, wala sikuweza kuvitenganisha bila kuharibu ukingo wa mpasuko. Kipande cha tatu alikitupa kwa kuwa kilikuwa kidogo. Ilibidi apimwe upya. Vingekuja vitatu vikiwa safi, angeondoka navyo vimeungwa jioni ileile. Kusanya kila kipande, hata cha ukubwa wa punje ya mchele, vifunge kwenye kitambaa chenye maji, uvilete kama vilivyo.